Ulevi na Usukani

Yako mambo ambayo Mwislamu huyasoma akayapita kwa kudhani kwamba hayamhusu. Habari za madereva walevi ni miongoni mwa mambo hayo. Nyumba ambayo pombe haiingii, na ambayo watoto wake wamelelewa wakijua kwamba kuinywa ni haramu, huona kuwa maneno haya ni ya watu wengine, watu wa vilabuni na mahotelini. Lakini barabara ni ya watu wote. Mtoto aendaye chuoni asubuhi huivuka njia ile ile anayopita mtu aliyekesha akinywa. Mama arudiye kutoka arusini usiku huketi katika gari ambalo dereva wake hakumchagua yeye. Mzee atembeaye kandokando ya barabara kwenda kusali Isha hana ngao yoyote ila ya Mola wake na ya akili ya yule aliyeshika usukani. Akili hiyo ikiondoka, yule asiyekunywa hata tone moja ndiye huenda akalipa kwa roho yake.

Basi makala haya hatukuyaandika ili kuwaambia wasomaji wetu kwamba pombe ni haramu, kwani hilo walijua. Tumekusudia kuonyesha kwamba mlevi hazuiwi na nasaha ya nafsi yake, kwa kuwa akili ya kunasihika ndiyo ya kwanza kumtoka. Hapana budi azuiwe na wengine. Na wengine hao, ndugu zetu, ni sisi pia.

Msiba wenyewe si mdogo. Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake iliyotolewa mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu kiasi cha 1,190,000 walikufa kwa ajali za barabarani duniani katika mwaka 2021. Ajali hizo ndizo zinazoua zaidi kuliko ugonjwa wowote miongoni mwa watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hata 29. Afrika ina kiasi cha magari 3 tu katika kila magari 100 ya dunia, lakini hubeba kiasi cha vifo 19 katika kila vifo 100. Katika Kenya peke yake watu zaidi ya 4,000 walikufa barabarani mwaka 2022, na zaidi ya 4,000 wengine mwaka 2023. Sababu za ajali ni nyingi: mwendo wa kasi, magari mabovu, njia zisizo na taa, uchovu. Lakini ulevi una ubaya wake wa pekee, maana huzidisha ubaya wa sababu nyingine zote. Mlevi ndiye aendaye kasi, ndiye apitaye gari la mbele mahali pasipopitika, ndiye asahauye kufunga mkanda.

POMBE HUMFANYA NINI DEREVA?

Chakula hukaa tumboni kikasagwa kwanza, lakini pombe haingoji hivyo. Baada ya dakika chache huwa imekwisha kuingia katika damu, na kwa damu hufika katika ubongo. Huko haianzi kwa kuidhoofisha miguu, kama wadhaniavyo watu. Huanza kwa kuilegeza ile nguvu ya kupima mambo, ambayo kwayo mtu husema, "Hili nifanye, na hili nisifanye." Ndiyo sababu mtu aliyekunywa kidogo hujiona ni hodari kuliko alivyokuwa kabla ya kunywa. Anatembea sawasawa, anasema sawasawa, na akiambiwa asiendeshe gari hukasirika. Wala hasemi uongo anapodai kwamba yu mzima. Yeye mwenyewe ndivyo aonavyo. Mizani ameiharibu, kisha anajipima kwa mizani ile ile.

Baadaye macho huanza kuona yaliyo mbele tu, na yaliyo pembeni hayaoni vyema. Na pembeni ndiko atokeako mtoto akimbiliaye mpira. Taa za gari linalokuja humtia kiwi kwa muda mrefu zaidi. Mkono na mguu huchelewa kuitii amri ya ubongo. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva akichelewa nusu sekunde tu kukanyaga breki, gari limekwisha kwenda mita 11 zaidi, na umbali huo ni mkubwa kuliko upana wa barabara zetu nyingi.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui ni kwamba pombe haitoki mwilini kwa haraka. Ini huiondoa kidogo kidogo, kiasi cha miligramu 15 katika kila mililita 100 za damu kwa saa moja. Kahawa nzito haiharakishi kazi hiyo, wala maji baridi, wala kutembea upepo upigapo; mambo hayo huweza kumwamsha mlevi, yakamfanya mlevi aliye macho. Na tufanye hesabu kidogo. Mtu aliyeacha kunywa saa sita ya usiku akiwa na miligramu 150 katika kila mililita 100 za damu yake, akilala mpaka saa kumi na mbili ya asubuhi, huamka akiwa bado na kiasi cha miligramu 60. Ameoga, amevaa, amekunywa chai, na watu wa nyumbani wanamwona mzima. Lakini mtu huyu yungali na pombe katika damu yake saa ile ile watoto wanapotoka kwenda chuoni.

KIPIMO CHA PUMZI

Zamani askari alimjua mlevi kwa kunusa kinywa chake na kumtembeza juu ya mstari. Mwaka 1897, mjini London, dereva wa teksi aliyeitwa George Smith alihukumiwa kwa kuendesha gari naye amelewa, na kesi yake huhesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo. Norway ndiyo iliyotangulia, katika mwaka 1936, kuweka katika sheria kiwango cha pombe katika damu ambacho dereva hana ruhusa kukipita. Kisha mwaka 1954 Mmarekani mmoja, Robert Borkenstein, aliunda chombo kinachopima pombe kwa pumzi, na tangu hapo jambo hili halikuwa tena la kubishania harufu.

Borkenstein huyo na wenzake walifanya uchunguzi mkubwa katika mji wa Grand Rapids, Marekani, katika miaka ya 1962 na 1963. Waliwapima maelfu ya madereva waliopata ajali, wakawapima na maelfu ya wengine waliokuwa wakipita mahali pale pale bila ya ajali, kisha wakalinganisha. Ilidhihirika kwamba mwenye miligramu 60 katika mililita 100 za damu hatari yake ya kupata ajali ni mara mbili ya yule asiyekunywa. Mwenye miligramu 100 hatari yake ni mara sita au saba. Na mwenye 150 ni mara 25. Msomaji na amkumbuke yule mtu wetu wa asubuhi, aliyekwisha kuoga na kunywa chai: yeye ana miligramu 60.

HOFU YA KUKAMATWA

Sasa tutazame sheria. Uingereza ilipitisha sheria ya usalama wa barabarani mwaka 1967, wakati Bibi Barbara Castle alipokuwa waziri wa uchukuzi. Kiwango kiliwekwa miligramu 80, na askari wakapewa kipimo cha pumzi. Katika mwaka wa kwanza vifo vya barabarani vilipungua kwa zaidi ya 1,000. Watu walifurahi, wakadhani kwamba tatizo limekwisha. Lakini miaka ilipopita faida ile ilififia. Mtaalamu wa Kimarekani, H. Laurence Ross, aliyechunguza jambo hili alieleza sababu yake: mwanzoni madereva walidhani kwamba watakamatwa bila ya shaka, kisha wakagundua kwamba kukamatwa ni kwa nadra. Sheria ile haikumruhusu askari kumpima mtu yeyote tu. Ilimpasa kwanza awe na sababu ya kumshuku, au pawe na kosa au ajali.

Jimbo la New South Wales, huko Australia, lilijifunza. Tangu tarehe 17 Desemba 1982 askari wake waliruhusiwa kumsimamisha dereva yeyote na kumpima, mahali popote, awe ameshukiwa au hakushukiwa. Wala haikuwa ruhusa ya karatasini. Vituo vya kupimia viliwekwa waziwazi katika njia kuu, kila mtu akiviona, na kila aliyekwenda karamuni akijua kwamba huenda akakutana navyo. Vifo vilipungua kiasi cha moja ya tano, na kupungua huko kulidumu.

Mfano mwingine unatoka Scotland. Tarehe 5 Desemba 2014 kiwango kiliteremshwa huko kutoka miligramu 80 mpaka 50. Wataalamu walipochunguza baadaye hawakuona kwamba ajali zimepungua kwa sababu ya badiliko lile. Kiwango kilibadilika, lakini askari barabarani hawakuongezwa ili kukilinda. Mafunzo ni yale yale. Adhabu iliyo kubwa lakini iko mbali haimtishi mlevi. Adhabu ya wastani ambayo ana yakini itamfika humtisha kabla hajainua gilasi, wakati ambapo akili yake ingali naye. Huo ndio wakati pekee wa kumtisha.

KIPIMO CHA KENYA

Kenya ilianza kutumia kipimo cha pumzi kwa nguvu mwezi wa Desemba 2013. Watu walikiita "alkoblo," na kwa muda mfupi jina hilo likawa katika kila kinywa. Wengine waliacha magari yao wakarudi nyumbani kwa teksi. Wengine walilala huko huko walikokuwa. Wako pia waliopashana habari kwa simu, wakaelezana askari wamesimama wapi ili wapite njia nyingine. Mtu ampaye mlevi habari hizo hudhani kwamba anamsaidia rafiki. Kumbe anaifungulia hatari njia isiyo na mlinzi.

Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliona kwamba kanuni za kipimo kile zinapingana na Sheria ya Trafiki yenyewe. Kanuni zilimtia hatiani mwenye kupita kiwango fulani cha pombe, hali Sheria yamtia hatiani yule ambaye ulevi umemfanya asiweze kuliongoza gari vyema. Watu walishangilia kama kwamba wamepewa ruhusa ya kunywa na kuendesha. Lakini mahakama haikusema hivyo hata kidogo. Ilisema kwamba nyumba haijengwi juu ya msingi usiolingana nayo. Twaona kwamba hapa pana wajibu kwa watunga sheria: kiwango na kiandikwe katika sheria yenyewe, kwa maneno yasiyo na tashwishi, ili askari mwaminifu asishindwe mahakamani. Na askari asiye mwaminifu, anayepokea noti akamwacha mlevi aende zake, ajue kwamba ameuza roho za watu asiowajua. Rushwa ya shilingi chache humwondolea mlevi ile yakini ya kukamatwa, na yakini hiyo ndiyo dawa yenyewe.

MLEVI HASAFIRI PEKE YAKE

Tutaje nchi moja zaidi, nayo ni Japan. Mwezi wa Agosti 2006, katika mji wa Fukuoka, dereva mlevi aliligonga kwa nyuma gari la watu wa nyumba moja darajani, likaanguka baharini, na watoto watatu wakafa. Nchi nzima ilihuzunika. Mwaka uliofuata sheria ilibadilishwa, ikawa haimwadhibu dereva peke yake. Ampaye pombe mtu anayejua kwamba ataendesha, huadhibiwa. Ampaye gari, huadhibiwa. Na apandaye katika gari lile kwa kumwomba amchukue, hali anajua kwamba amelewa, naye huadhibiwa. Vifo vilivyotokana na ulevi barabarani vilipungua sana katika miaka iliyofuata.

Mwislamu akisoma habari hizi haoni ugeni. Katika mafunzo ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, laana ya pombe haikumwangukia anywaye peke yake. Iliwafika wote wanaoihudumia, aikamuaye, aibebaye, aiuzaye, na wengineo. Tena wanavyuoni wetu husema kwamba sheria ya Kiislamu imekuja kuhifadhi mambo matano: dini, roho, akili, kizazi na mali. Mtu akilewa akashika usukani huyahujumu takriban yote kwa mara moja. Ameasi dini yake, ameitoa akili yake, ameziweka roho za watu rehani, na huenda akawaacha watoto mayatima na kuteketeza mali ambayo watu wameichuma kwa jasho. Wala hana udhuru wa kusema kwamba hakujua alitendalo, maana wanavyuoni wengi wameona kwamba aliyelewa kwa hiari yake hubeba dhamana ya alichokiharibu.

Tena tukumbuke jinsi pombe ilivyoharamishwa kwa daraja. Kabla haijakatazwa kabisa, waumini walikatazwa kuikaribia sala nao wamelewa, mpaka wajue wanachokisema. Ikiwa mlevi hakuachiwa kusimama mbele ya Mola wake, mahali ambapo kosa la ulimi wake halimvunji mtu mguu, vipi aachiwe kushika chombo cha chuma kinachokwenda mbio katikati ya watu?

WAJIBU WA NYUMBA ZETU

Kwanza, yatupasa tuache kunyamaza. Abiria wengi huiona hali ya dereva, huisikia harufu, kisha husema, "Mungu atatufikisha." Kumtegemea Mungu ni jambo jema, lakini ni baada ya kumfunga ngamia. Dereva wa matatu au wa basi akionekana amelewa, abiria wote na washuke, au wamtake kondakta aiarifu polisi. Abiria mmoja akisema peke yake hutukanwa. Ishirini wakisema pamoja husikilizwa.

Pili, ufunguo. Mwenye gari ndiye mwenye amana. Baba asimpe ufunguo kijana asiyemjua alikotoka wala alichokitumia. Mwenye malori au mabasi asiajiri dereva kwa kuwa ujira wake ni mdogo tu. Na amtazame usoni kabla hajaondoka alfajiri. Mwenye bodaboda afanye vivyo hivyo, kwani pikipiki haina kuta za kumkinga abiria.

Tatu, tusiwafiche ndugu zetu walioingia katika ulevi. Wako, na kunyamaza kwetu hakuwapunguzi. Kijana akijua kwamba akipiga simu usiku atafuatwa bila ya kelele, na kwamba maneno yatakuwa kesho yake baada ya usingizi, atapiga. Akijua kwamba atafukuzwa, atajaribu kurudi mwenyewe. Kumfuata si kuridhia dhambi yake. Ni kuokoa roho yake na roho za wapitao njiani. Nasaha, na tiba ikihitajiwa, zitafuata asubuhi.

Nne, tujikinge sisi wenyewe. Mkanda wa kiti cha mbele huweza kupunguza hatari ya kufa kiasi cha nusu, lakini wangapi wetu huufunga pale tu wamwonapo askari? Mtembea kwa miguu usiku na avae nguo nyeupe au achukue tochi, atembee akiyaelekea magari, na asidhani kwamba kila dereva anamwona.

Tano, tusijitakase. Ulevi si wa chupa peke yake. Wataalamu wameona kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo huendesha gari kama yule mwenye miligramu 50 za pombe katika damu yake. Mtafuna mirungi anayesafiri usiku kucha hujidanganya kwamba ameushinda usingizi. Usingizi huwa unamngoja tu. Baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi pia, na yafaa kumuuliza mwuza dawa kabla ya kusafiri. Na katika mwezi wa Ramadhani, dereva aliyeamka kula daku, akashinda na njaa, kisha akaenda mbio kuiwahi futari, na akumbuke kwamba tende na maji machache hufuturisha popote njiani. Kuchelewa kufika mezani si msiba. Msiba ni kutofika.

Haya tuliyoyasema hayataki mali nyingi. Serikali itake sheria iliyo wazi na askari wanaoonekana. Mwenye gari amtake dereva mwenye akili yake. Maimamu walitaje jambo hili katika hotuba za Ijumaa, hasa nyakati za sikukuu na mwisho wa mwaka. Na kila nyumba iwe na mtu asiyeona haya kunyosha mkono na kusema, "Nipe ufunguo." Huenda akachukiwa usiku mmoja, lakini kesho yake, inshaallah, watu watakuwa hai wa kumshukuru.

Mwenyezi Mungu azihifadhi akili zetu, awarehemu waliotutangulia katika misiba hii, awape subira waliobaki, na awafikishe salama wasafiri wote majumbani kwao. Amin.